Salio linaliwa, kadi inakatwa: mwongozo wa kuzikamata huduma zinazojilipia zenyewe

"Nimefuta app, mbona bado nakatwa?" "Nikiweka vocha ya elfu moja, kufika jioni mia mbili haionekani." "Nikikaa miezi miwili bila kulipia king'amuzi, nitadaiwa?"

Maswali haya hayaishi. Wengi wanaoyauliza wameanza kutafuta mahali pasipo: wanakaa chini kukumbuka majina ya huduma walizojiunga nazo. Kwa njia hiyo utakumbuka Netflix na king'amuzi, halafu utaisahau huduma ya utabiri wa mechi ya shilingi 100 kwa siku uliyoibonyeza bila kusoma. Fuata mlango pesa inapotokea. Kila kato lina mlango wake, na milango ni michache.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Tanzania au Kenya mwenye laini ya kulipia kabla, pesa za simu na pengine kadi ya benki.

Kabla ya kuanza, kuwa na hivi

- Laini zote unazozijaza pesa, pamoja na ile iliyomo ndani ya rauta na ile ya simu ya mtoto.
- Nenosiri za barua pepe zako zote, hata ile ya zamani uliyofungulia simu ya kwanza. Nyingi za huduma zilizosahaulika ziko huko.
- Taarifa za miamala za miezi 3, za benki na za pesa za simu.
- Daftari la mistari, au jedwali la Excel au Google Sheets.
- Saa mbili za utulivu, na nafasi ya kuchungulia tena baada ya mwezi.

Hatua ya 1: Hesabu milango

Kwa watu wengi haizidi mitano: muda wa maongezi, pesa za simu, kadi ya benki au kadi pepe (ile yenye namba tu, isiyo ya plastiki), akaunti ya Google Play au App Store, na PayPal. Mpe kila mlango ukurasa wake. Laini tatu ni milango mitatu. Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoifahamu, hilo ni la kulipeleka dukani kwa mtandao husika siku hiyohiyo, tena lina uzito kuliko makato.

Hatua ya 2: Pima muda wa maongezi usiku mmoja

Huu ndio mlango unaosumbua zaidi, kwa sababu hauna risiti. Salio likipungua watu husema "mtandao unaiba" na kuishia hapo. Sababu ni tatu, na kila moja ina dawa yake. Zitenganishe hivi:

1. Jioni, zima data kabisa. Usipige simu wala kutuma SMS.
2. Angalia salio: *102# kwa mitandao ya Tanzania, *144# kwa Safaricom. Liandike pamoja na saa.
3. Asubuhi, kabla ya kuwasha data, angalia tena.

Salio likiwa limepungua na data ilikuwa imezimwa, una huduma ya SMS au ya mwito wa simu (wimbo anaousikia anayekupigia) inayokukata. Lisipopungua usiku, lakini likapungua ukiwasha data, kifurushi kimekwisha na simu inakula salio la kawaida. Tatizo ni data. Na ikiwa vocha inapungua dakika ileile unapoiweka, unalipishwa mkopo wa muda wa maongezi. Okoa Jahazi ya Safaricom, kwa mfano, hutoza asilimia 10: ukikopa 100 unatumia 90. Anayekopa kila siku mbili amejiunga na huduma ya kulipia bila kuiita hivyo, kwa hiyo nayo iandike kwenye daftari.

Angalizo: kipimo hiki hakifanyi kazi laini ikiwa na salio sifuri. Weka angalau shilingi 500 za Tanzania, au 20 za Kenya. Huduma nyingi husubiri salio liingie ndipo zikate.

Hatua ya 3: Vuta taarifa za milango mingine

*Pesa za simu.* Kenya, piga *334#, ingia kwenye akaunti yako na uombe taarifa ya M-Pesa. Inakuja kwa barua pepe kama PDF iliyofungwa, na msimbo wa kuifungua unaletwa kwa SMS. Ukiwa hapo angalia pia M-Pesa Ratiba, huduma ya malipo ya kujirudia iliyoanza 2024, maana ukiweka agizo humo litaendelea mpaka tarehe ya mwisho uliyoiweka au mpaka ulifute. Tanzania, anza na app ya mtandao wako. Ikikuonyesha miamala michache tu, nenda dukani kwao na kitambulisho.

*Benki.* Majina kwenye taarifa ya kadi hayafanani na yale uliyoyazoea. "GOOGLE *" ikifuatiwa na jina ni kitu kilichonunuliwa kupitia Google. Soma kilicho baada ya nyota. "APPLE.COM/BILL" hukusanya vitu vya Apple mahali pamoja, na wakati mwingine kato moja limebeba huduma mbili. "PAYPAL *" maana yake mlango halisi ni PayPal, nenda kaangalie kule. Ukiona dola 1 iliyokatwa na kurudishwa, hiyo ni kadi iliyojaribiwa kama ni hai. Lakini jiulize ni nani aliyeijaribu: mara nyingi ni mwanzo wa kipindi cha majaribio ya bure.

Usiache makato ya benki yenyewe: ada ya mwezi, ada ya SMS za taarifa, na maagizo ya kudumu uliyosaini zamani.

*Barua pepe.* Miezi 3 haitakuonyesha malipo ya mwaka. Kwenye Gmail andika newer_than:1y halafu neno moja moja kati ya haya: receipt, invoice, renewal, trial. Maneno ni ya Kiingereza kwa sababu risiti zenyewe ni za Kiingereza.

Hatua ya 4: Yaweke yote kwenye jedwali moja, kwa bei ya mwaka

Safu saba zinatosha: huduma, mlango, kiasi, mara kwa mwaka, jumla ya mwaka, tarehe ya kato lijalo, na nani anaitumia. Ukitumia Excel, kiasi kikiwa C na mara kikiwa D, jumla ni =C2*D2.

Hapo kwenye mara kwa mwaka ndipo watu wanapokosea. Huduma ya siku ni 365. Ya wiki ni 52. Ukizidisha wiki nne kwa miezi kumi na miwili unapata 48, umepoteza mwezi mzima. Kifurushi cha siku 30 ni 12.17, na cha siku 28 ni 13, maana mwaka mmoja una siku 28 mara kumi na tatu.

Huduma ya shilingi 100 kwa siku inafika 36,500 kwa mwaka. Kifurushi cha 2,000 kwa wiki ni 104,000. Namba ndogo za kila siku ndizo hushinda mwishoni, na ndiyo maana hujificha.

Kwa huduma za nje, andika kiasi kilichokatwa kweli, usiandike kilichotangazwa. Dola 10 za tangazo zinaweza kuongezewa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kiwango chake cha kawaida kikiwa asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, halafu benki inabadilisha fedha kwa kiwango chake yenyewe. Kato hubadilika kidogo kila mwezi ingawa bei ya dola ni ileile.

Hatua ya 5: Weka alama

Alama tatu tu: KATA, PUNGUZA, BAKI. Isiyotumika na mtu yeyote kwa siku 30, kata. Huna haja ya kuionea huruma, kwani kurudi ni dakika tano. Kwa app, usibahatishe: mipangilio ya simu ina ukurasa wa muda wa matumizi, na unasema ukweli kuliko kumbukumbu.

Vitu vinne usivikate kwa haraka hata kama vinaonekana vya kipuuzi: bima, jina la tovuti yako, kwa sababu likiisha mtu mwingine anaweza kulinunua, hifadhi ya mtandaoni yenye picha, na laini ambayo benki hutuma misimbo yake. Hivi hukatwa baada ya kuhamisha kilichomo.

Na vipo visivyokatika. Tanzania, kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU (umeme wa kulipia kabla) tangu Agosti 2021, ndiyo maana umeme unaonunua mara ya kwanza mwezini huja na uniti pungufu. Iandike ili isikuchanganye. Kama ni mpangaji, tunza zile SMS za tokeni, uzipige hesabu na mwenye nyumba.

Hatua ya 6: Jitoe kupitia mlango ulioingilia

Hapa ndipo penye jibu la "nimefuta app". Kufuta app kunaondoa picha ndogo kwenye simu yako. Makubaliano ya malipo yako kwenye akaunti, nayo hayajaguswa. Vilevile, uliyejiunga kupitia Google Play huwezi kujitoa kwenye tovuti ya huduma, na uliyejiunga kwenye tovuti hutaiona huduma ndani ya Google Play. Safu ya "mlango" kwenye jedwali lako inakuambia uende wapi.

*Huduma za SMS na miito.* Tafuta SMS ya siku uliyojiunga. Ina namba fupi na neno la kujitoa. Neno hutofautiana: STOP, ONDOA, ACHA. Litume kwenda namba hiyohiyo fupi, bila nukta wala maneno ya ziada, kisha subiri jibu. Usipoipata SMS, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, na useme hivi: "Naomba mnisomee huduma zote zilizounganishwa na laini yangu, mniondoe zote." Ukiuliza "mbona salio linaisha" utapewa maelezo ya vifurushi. Mwito wa wimbo anaousikia anayekupigia, kama Skiza ya Safaricom, nao ni huduma ya malipo. Wengi husahau kwa sababu mwenye laini hausikii.

*Google Play.* Fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia sehemu ya malipo na usajili, halafu usajili. Chagua huduma, ghairi, endelea mpaka uone tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama una akaunti mbili za Google kwenye simu, badilisha akaunti na urudie yote. Hili peke yake linafichua makato mengi.

*iPhone.* Settings, gusa jina lako juu kabisa, kisha Subscriptions. Ya majaribio ighairi angalau saa 24 kabla hayajaisha. Ukisubiri saa za mwisho, kato limeshapangwa.

*Tovuti.* Ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, si kwa app. Utaulizwa sababu, utapewa punguzo, utaonyeshwa kitufe kikubwa cha kubaki na kidogo cha kuondoka. Endelea na kidogo. Kama punguzo ni zuri kweli, lichukue na uandike tarehe litakapoisha.

*PayPal.* Mipangilio, malipo, halafu malipo ya moja kwa moja. Zima moja moja.

Ukighairi, kwa kawaida unabaki na huduma hadi mwisho wa kipindi ulicholipia. Kwa hiyo usisubiri siku ya mwisho. Ghairi leo, uendelee kutazama.

Angalizo la wizi: anayekupigia akisema atakusaidia kujitoa na anataka namba ya siri au msimbo uliotumiwa, kata simu. Safaricom hupiga kutoka 0722 000 000 pekee, na ujumbe wa utapeli unapelekwa 333. Tanzania, ujumbe wa namna hiyo unatumwa 15040.

Hatua ya 7: Hakikisha kwa mzunguko mzima

Piga picha ya skrini kila unapoghairi, penye tarehe. Kwa laini, rudia kipimo cha usiku baada ya siku 2. Kwa kadi, weka kikumbusho siku moja baada ya tarehe ya kato lililotarajiwa. Ukiona kimya, ndipo uifute huduma kwenye jedwali, si kabla.

Hatua ya 8: Punguza zilizobaki

*King'amuzi.* Jibu la swali la juu: DStv, Azam TV na StarTimes hulipiwa kabla. Usipolipa, chaneli zinafungwa, na miezi uliyokaa gizani haikusubiri kama deni, isipokuwa ulikubali kadi ikatwe moja kwa moja au vifaa ulichukua kwa mkopo. Anayelipia kifurushi kikubwa kwa ajili ya ligi ya Uingereza hana sababu ya kukilipia Juni na Julai, ligi ikiwa imelala tangu Mei, labda kuwe na mashindano makubwa kama AFCON ya 2027 iliyopangiwa Kenya, Tanzania na Uganda. Mpangilio ni huu: omba kwanza kubadilishiwa kifurushi, kabla cha sasa hakijaisha, ndipo ulipe kiasi kidogo. Ukilipa kidogo kabla ya kubadilishiwa, mfumo unaweza kukihesabu kama malipo pungufu ya kifurushi kikubwa, na utakaa bila picha huku pesa imeingia.

*Hifadhi ya mtandaoni.* Google hutoa GB 15 bure kwa Gmail, Drive na Picha kwa pamoja, na hifadhi rudufu (backup) ya WhatsApp kwenye Android inahesabiwa humo. iCloud ni GB 5. Kabla ya kulipia, tafuta kwenye Gmail has:attachment larger:10M ufute viambatisho vikubwa, kisha ondoa video kwenye hifadhi rudufu ya WhatsApp. Video za magrupu ya harusi ndizo hujaza. Ikibidi kulipa, Google One na iCloud+ zote zinaruhusu kushiriki na wanafamilia 5 wengine; nyumba moja ilipe mara moja.

Angalizo: usishuke kwenda kifurushi kidogo cha hifadhi kabla ya kupunguza mafaili. Hifadhi ya Google ikizidi kikomo, Gmail inaacha kupokea barua, na ikikaa hivyo miaka 2 mafaili yanaweza kufutwa.

*Vifurushi vya simu.* Gawanya bei kwa GB, kisha jiulize huwa unabakiza ngapi muda ukiisha. Kifurushi cha mwezi ambacho nusu yake huozea humo ni ghali kuliko cha wiki. Zima pia kujirudia, kifurushi kisijinunue chenyewe.

*Muziki na filamu.* Chukua moja kwa zamu. Spotify ukiacha kulipa inarudi kuwa ya bure yenye matangazo, na orodha zako za nyimbo zinabaki.

Hatua ya 9: Weka uzio

Tumia kadi pepe kwa huduma za mtandaoni na uiwekee kiasi cha huduma pekee, mishahara na akiba vikae kwenye akaunti nyingine. Kila ukianza majaribio ya bure, weka kikumbusho cha siku 2 kabla ya mwisho, hapohapo, kabla hujafungua huduma yenyewe. Play Store idai nenosiri kila ununuzi, hasa simu ikishikwa na watoto. Kisha chagua tarehe moja ya mwezi, mfano tarehe 5, upitie jedwali kwa dakika kumi.

Mambo yakikwama

*Umetuma ONDOA, hakuna jibu.* Angalia kama SMS ilitoka. Namba nyingine fupi hutoza, na salio sifuri haliipeleki. Jaribu neno la Kiingereza. Ikishindikana piga 100, omba namba ya malalamiko na uiandike.

*Umejitoa, baada ya wiki umerudishwa.* Kuna mtu anabonyeza matangazo yanayoibuka kwenye skrini, na mara nyingi ni mtoto akicheza gemu. Omba mtandao wakufungie huduma zote za aina hiyo kwenye laini.

*Umeghairi, bado umekatwa.* Linganisha tarehe. Kato likiwa limefanyika kabla ya kughairi, ni la kipindi kilichokuwa kimeshaanza. Likiwa la baadaye, omba kurudishiwa: Google Play ndani ya saa 48 ni rahisi zaidi, Apple kupitia reportaproblem.apple.com. Wakikataa na una picha ya skrini, peleka pingamizi benki.

*Umebadilisha kadi, huduma inaendelea kukata.* Si uchawi. Visa na Mastercard zina utaratibu ambao benki iliyojiunga nao huwapa wauzaji namba ya kadi mpya. Kufunga kadi hakughairi makubaliano, na muuzaji anaweza kuendelea kujaribu au kukudai. Rudi hatua ya 6.

*Hukumbuki barua pepe uliyojiungia.* Nenda ukurasa wa kuingia, bonyeza umesahau nenosiri, jaribu barua pepe zako moja baada ya nyingine. Itakayopokea kiungo ndiyo yenyewe.

*Umelipia DStv, bado inaonyesha E16 (kosa la chaneli kufungwa).* Washa king'amuzi na ukiache kwenye chaneli iliyomo kwenye kifurushi, kisha futa kosa kupitia app yao au menyu ya simu, ukitumia namba ya kadi. Ikiwa bado, hakikisha ulilipa namba ya kadi sahihi na kiasi kamili cha kifurushi kilichopo kwenye akaunti. Pungufu ya shilingi mia inatosha kuizuia picha.